Jifunike Shuka, Fungua Kitabu

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, siku chache kabla ya kufunga shule kwa likizo ya Juni

Najua miili yenu iko hapa lakini akili zimeshafika stendi zinatafuta basi. Basi nami sitawachosha. Nina jambo moja tu la kuwaambia: likizo hii ya kipupwe, soma hadithi za maajabu. Na usisome kitabu kimoja ukaishia hapo. Chukua mfululizo mzima: cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka uwazoee wahusika wake kama unavyowazoea majirani.

Kwa nini nasema kipupwe? Kwa sababu kwetu Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya baridi. Wewe unayekwenda Makete, Njombe au Mufindi unajua ninachosema. Asubuhi majani yamepigwa sakitu, na jioni kila mtu ameshajifungia ndani mapema. Wenzetu wa Ulaya baridi yao huja Desemba, na miezi hiyo ndiyo wanayokaa karibu na moto wakisoma na kusimuliana. Hata sisi jambo hilo si geni. Paukwa! Pakawa! Nani hajawahi kuitikia? Ila siku hizi bibi yuko kijijini, wewe uko mjini. Au bibi hayupo tena. Basi kitabu kinaweza kushika zamu yake.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya afya. Ukikaa wiki nne huna la kufanya, kichwa hujitafutia kazi chenyewe. Mmoja anaishia kijiweni. Mwingine yuko kwenye simu mpaka saa nane za usiku. Wa tatu anabaki peke yake na mawazo yake, na mawazo yenyewe si mazuri. Huyu wa tatu mara nyingi hatumwoni, maana hasumbui mtu. Leo ninasema naye zaidi.

LAKINI HIVYO SI VITABU VYA UCHAWI?

Swali hili utaulizwa nyumbani. Ni swali la haki, usilijibu kwa jeuri. Mwambie mzazi hivi: hadithi hujitambulisha mapema kwamba ni hadithi. Tumekua tukisikia kwamba sungura alimhadaa fisi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda porini kuongea na fisi.

Hatari iko kwa yule anayesimulia uongo akauita kweli. Anayekwambia kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinaleta utajiri. Anayesema bibi mwenye macho mekundu ni mchawi, kumbe macho yale yameumizwa na moshi wa kuni wa miaka arobaini jikoni. Kwa uongo wa namna hiyo watu wameuawa hapa hapa Tanzania, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Sasa msomaji wa hadithi ana zoezi moja ambalo wengine hawana. Amezoea kujiuliza: hii nani kaitunga, na anatafuta nini kwangu?

Hata hivyo, ikiwa nyumbani wamekataa kabisa, waheshimu wazazi wako. Chagua kingine katika orodha hii. Viko vya kutosha.

SUNNY, MSICHANA WA ABA

Ningekuwa na nafasi ya kupendekeza mfululizo mmoja tu, ningeanza na huu wa Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Vitabu ni vitatu: Akata Witch (2011), Akata Warrior (2017) na Akata Woman (2022). Ukikuta kitabu kinaitwa What Sunny Saw in the Flames, usinunue ukidhani ni cha nne. Ni kile kile cha kwanza, ndivyo kilivyoitwa kilipotolewa Nigeria.

Sunny ana miaka 12. Kazaliwa New York, anaishi mji wa Aba, Nigeria. Ana ualbino. Anapenda mpira wa miguu kuliko kitu chochote, lakini jua linamchoma ngozi. Shuleni wanamtania. Siku moja anatazama mwali wa mshumaa na kuona mambo ya kutisha yatakayoipata dunia. Kutoka hapo anaingia katika jamii ya siri ya Watu wa Chui, pamoja na marafiki watatu: Orlu, Chichi na Sasha.

Mambo mawili yatakufurahisha. Kwanza, katika jamii ile ukijifunza jambo jipya, pesa zinadondoka kutoka hewani mbele yako. Yaani mwenye pesa ni yule aliyejifunza sana! Pili, kile ambacho watu wa kawaida wanakiita kasoro, Watu wa Chui wanakiona ni mlango wa kipaji. Orlu herufi zinamchanganya anaposoma, na ni yeye mwenye uwezo wa kufumua uchawi uliofungwa na wengine.

Kitabu hiki kinafaa sana mwezi wa Juni, kwa sababu tarehe 13 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Kukuza Uelewa juu ya Ualbino, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2015. Ukimaliza kusoma, jiulize kuhusu mwenzako wa darasani. Ualbino hauambukizi. Ni upungufu wa rangi ya asili ya mwili, ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe hawana ualbino. Mwenye hali hiyo anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na nafasi ya mbele darasani kwa sababu wengi wao macho hayaoni mbali. Saratani ya ngozi ndiyo adui yake mkubwa, nayo inazuilika. Mafuta ya Kilisun yanatengenezwa Moshi kwa ajili hiyo hiyo. Kwa hiyo unapompisha kivulini hujampa sadaka, umemlinda rafiki.

VISIWA VYA EARTHSEA

Wa pwani na visiwani, mpo? Huu ni wenu. Ursula K. Le Guin wa Marekani alitunga dunia nzima ya visiwa, watu wanasafiri kwa mashua, upepo ndio usafiri. Vitabu ni sita. Cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kilitoka 1968. Cha mwisho, The Other Wind, kilitoka 2001. Na shujaa wake si mzungu. Ged ana ngozi ya kahawia nyekundu, na rafiki yake mkubwa ni mweusi. Mwaka 1968 hilo lilikuwa jambo nadra katika vitabu vya aina hii.

Ged ni kijana mwenye kipaji na mwenye majivuno. Anataniwa na mwenzake shuleni, anataka kumwonyesha kwamba yeye ni zaidi. Anafanya jambo alilokatazwa, na kivuli kinatoka gizani. Kivuli hicho kinamfuata kisiwa kwa kisiwa. Kadiri anavyokikimbia ndivyo kinavyopata nguvu. Atafanyaje? Hilo sikwambii. Ila kama na wewe una jambo unalolikimbia, aibu fulani, siri fulani, hofu ya kwenda kupima, soma kitabu hiki mpaka ukurasa wa mwisho.

Kitabu cha pili, The Tombs of Atuan (1971), kinamhusu msichana Tenar, aliyechukuliwa kwao angali mtoto mdogo na kufanywa kuhani wa makaburi. Hata jina lake walimnyang'anya. Cha nne, Tehanu (1990), ni cha wakubwa kidogo, na kinaumiza. Kuna mtoto aliyetendewa ukatili na watu waliopaswa kumlinda, kisha akatupwa motoni. Kama wewe mwenyewe umepitia ukatili, usikisome peke yako. Msome na mtu unayemwamini, au kiache kwanza. Kitabu si mtihani, hakuna atakayekupa sifuri.

NARNIA, NA MTOTO ALIYEFIWA

C. S. Lewis alitoa vitabu saba vya Narnia kati ya 1950 na 1956. Cha kwanza kutoka, The Lion, the Witch and the Wardrobe, kinafaa kabisa kwa kipupwe. Watoto wanne wamehamishwa London kwa sababu ya vita, wanapita ndani ya kabati la nguo, wanatokea nchi iliyorogwa, baridi haiishi na sikukuu haifiki. Lugha yake ni nyepesi. Hata wa kidato cha pili ataimudu.

Lakini mimi nataka nikwambie habari ya kingine, The Magician's Nephew, cha mwaka 1955. Humo kuna mvulana anaitwa Digory. Mama yake ni mgonjwa mahututi. Nyumbani watu wanatembea kwa kunyata, wakubwa wananong'ona, hakuna anayemwambia kitu. Halafu Digory anafika mahali penye tunda linaloweza kuponya, lakini ameagizwa asilichukue kwa ajili yake mwenyewe. Hapo ndipo pagumu.

Mwandishi aliyajua haya mwenyewe. Mama yake Lewis alikufa kwa saratani Agosti 1908, naye Lewis ana miaka tisa. Alikaa karibu miaka hamsini ndipo akaandika kitabu hiki.

Wako kati yenu waliofiwa na mama au baba. Wengine mmeuguza. Nyumbani waliwaambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume," au "Usilie, utawaliza wadogo zako." Walisema kwa nia njema. Lakini kulia si udhaifu, na huzuni ya msiba si ugonjwa. Inataka muda na inataka mtu wa kuisikiliza. Kitabu hakimrudishi marehemu. Kinachofanya ni kukuonyesha kwamba yupo mwingine aliyepita njia hiyo, na kukupa maneno pale ambapo wewe umeyakosa.

PETE YA TOLKIEN

J. R. R. Tolkien, rafiki yake Lewis, alizaliwa hapa hapa Afrika, mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Baba yake alikufa 1896. Mama yake alikufa 1904 kwa kisukari, mtoto ana miaka 12. Wakati ule insulini ilikuwa haijapatikana. Ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922. Mwaka 1916 akiwa askari vitani Ufaransa alipata homa inayoletwa na chawa wa kwenye mahandaki, akarudishwa kwao. Marafiki wake wapenzi wa shule waliuawa katika vita hiyo.

Mtu huyo ndiye aliyeandika The Lord of the Rings, juzuu tatu, 1954 hadi 1955. Ni kitabu kirefu na Kiingereza chake kizito, kwa hiyo anza na The Hobbit (1937), kilicho chepesi zaidi. Habari yenyewe ni ya pete. Anayeivaa anapata nguvu ya kutoonekana, na kila akiivaa inakuwa vigumu zaidi kuivua. Gollum alikuwa kama mimi na wewe kabla ya pete. Ilimtenga na ndugu, ikamtoa juani, ikamfanya aongee na kitu badala ya kuongea na watu. Tolkien hakuwa anaandika juu ya bangi wala gongo wala kubeti kwenye simu. Lakini wewe msomaji una macho yako.

Mwangalie na Sam, rafiki wa Frodo. Hana upanga wa ajabu, hana cheo. Anabeba sufuria na chumvi, na hamwachi mwenzake njiani. Kila mtaa unamhitaji Sam mmoja.

HARRY POTTER NA VIUMBE VYA BARIDI

Huu mnaujua kwa sinema. Vitabu ni saba, 1997 hadi 2007, vya J. K. Rowling wa Uingereza. Harry ni yatima anayelelewa na dada wa marehemu mama yake, analala kwenye kistoo chini ya ngazi. Ukishaona sinema bado soma, maana mengi yameachwa.

Katika kitabu cha tatu, Harry Potter and the Prisoner of Azkaban (1999), kuna viumbe vinaitwa Dementors. Vikikaribia, baridi inaingia mpaka moyoni, furaha yote inanyonywa, yanabaki mabaya tu. Mwandishi mwenyewe amesema aliviunda kutokana na sonona aliyowahi kuugua. Sonona ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Si uvivu na si kukosa imani.

Basi zijue dalili zake. Huzuni au kukosa hamu ya mambo yote uliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi kupotea au kuzidi mno. Chakula hakiliki. Unajiona huna thamani. Ukifika hapo, kitabu peke yake hakitoshi. Mwambie mtu mzima unayemwamini, nenda zahanati au kituo cha afya, na useme wazi. Ikiwa yanakujia mawazo ya kujidhuru, sema leo, usingoje kesho. Namba 116, ya huduma kwa mtoto, unaipiga bure Tanzania, Kenya na Uganda. Na rafiki akikwambia, usimcheke wala usiweke siri. Mpeleke kwa anayeweza kumsaidia.

NYUMBANI NAKO KUNA MAAJABU

Kiingereza kimekukaba? Usijali. Shaaban Robert alituachia maajabu kwa Kiswahili safi. Kusadikika (1951) ni nchi iliyo angani, na Karama anashtakiwa humo kwa kosa la kutaka kufundisha sheria. Kufikirika kilitoka 1967, yeye akiwa ameshafariki tangu 1962. Na Adili na Nduguze (1952) kina jini, na kina manyani wawili wanaochapwa kila usiku na mtu ambaye kila mmoja anamsifu kwa wema. Kwa nini mtu mwema awachape wanyama? Soma ujue. Vyote ni vitabu vyembamba. Vitatu unavimaliza kabla likizo haijafika nusu.

Kisha kuna Alfu Lela U Lela, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Hassan Adam katika vitabu kadhaa. Mnaukumbuka mwanzo wake? Mfalme anaoa kila siku na kuua kila asubuhi. Binti mmoja anasimulia hadithi, anaikata penye utamu, mfalme anamwacha hai ili asikie kesho. Msichana yule aliokoa roho yake na ya wenzake kwa hadithi zake. Huo ndio mfululizo mkongwe kuliko yote niliyoitaja.

VITABU VYENYEWE UTAVIPATA WAPI?

Najua bei. Ndiyo maana nasema chezeni upatu. Mama zenu wanacheza upatu wa pesa, ninyi chezeni wa vitabu. Mko watano mtaani, kila wiki kila mmoja atoe kidogo, mnunue kitabu kimoja, hata kilichotumika. Anayetangulia kusoma asisimulie mwisho! Kikizunguka wote watano, kaeni mkizungumze. Mwisho wa likizo kipeni maktaba ya shule.

Vile vile ulizia maktaba ya mkoa. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ipo tangu 1967. Na Kiingereza kikiwa kigumu, usifungue kamusi kwa kila neno. Soma ukurasa mzima kwanza. Neno likijirudia mara tatu, hilo ndilo la kutafuta.

SOMA, LAKINI UAMKE MZIMA

Hili sikilizeni vizuri, hasa wa nyanda za juu. Usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango na madirisha ili upate joto la kusomea. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito usioamka. Familia nzima zimekutwa zimekufa hivyo. Ota moto nje au jikoni penye hewa, kisha ingia ndani bila jiko. Vaa soksi, jifunike blanketi mbili. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi, mwahishe hospitali.

Kibatari nacho uwe nacho mbali. Moshi wake unaumiza mapafu, na ukisinzia nacho karibu na chandarua, nyumba inaungua. Taa ya jua au tochi ni bora. Mwanga hafifu hauharibu macho moja kwa moja, lakini unayachosha, kwa hiyo yapumzishe kila baada ya muda kwa kutazama mbali. Na usingizi usiuibe. Umri wako unahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku. Ged atakungoja kesho, kivuli chake hakiendi popote.

Mwisho, kazi za nyumbani ziko palepale. Msichana asiachiwe vyombo na kuni wakati kaka yake anasoma hadithi. Gawaneni, muda utatosha wote.

Haya, mimi nimemaliza. Mwenye swali aulize sasa, na mwenye swali la faragha anifuate chini ya mti pale nje. Julai tukirudi sitauliza nani kasoma vingi. Nitauliza ni mhusika gani ungependa aje kuishi kwenu, na kwa nini. Likizo njema!